Kuliwa Mfululizo Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Poka wa Jijini Dar es Salaam

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kazi yake na familia yake, ambaye hucheza poka jioni moja kwa wiki, ama sebuleni kwa rafiki huko Sinza au Mbezi Beach, ama katika mojawapo ya kasino zenye leseni hapa jijini. Hayamhusu anayetaka kuigeuza poka kuwa ajira. Kazi yangu mimi ni uhasibu, nimekaa kwenye meza za Ijumaa kwa miaka kadhaa, na baadhi ya haya nimeyalipia kwa fedha yangu mwenyewe kabla ya kuyaelewa.

Nimeliwa jioni tano mfululizo. Je, hilo ni jambo la kawaida?

Ndiyo, ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani, na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Tuseme unacheza meza ambayo blaindi kubwa, yaani lile dau la lazima, ni shilingi 500, na unaingia na chipu (vile vidude vinavyosimama badala ya fedha mezani) za shilingi 50,000. Kwenye meza ya watu wanaogawiwa karata kwa mkono huchezwa takriban mizunguko 25 hadi 30 kwa saa (mzunguko ni mgao mmoja wa karata hadi apatikane mshindi), kwa hiyo jioni ya saa nne hukupa mizunguko ipatayo 100. Tuseme tena kwamba wewe ni mchezaji mzuri kwelikweli, mwenye wastani wa faida ya blaindi kubwa tano kwa kila mizunguko 100. Hiyo ni shilingi 2,500 kwa jioni. Lakini mtawanyiko wa matokeo katika poka isiyo na kikomo cha dau hufika kwa urahisi blaindi kubwa 80 kwa mizunguko hiyo hiyo 100, yaani shilingi 40,000 juu au chini ya wastani. Faida yako ya shilingi 2,500 imezama ndani ya wimbi la shilingi 40,000, na hakuna anayeweza kuiona kwa macho.

Kutokana na hesabu hiyo, mchezaji huyo mzuri huondoka akiwa ameliwa karibu jioni 47 au 48 kati ya 100. Uwezekano wa kukutana na mfululizo wa jioni tano za kuliwa, mahali fulani ndani ya jioni hizo 100, unakaribia asilimia 70. Na baada ya jioni zote 100, ambazo kwa mtu wa Ijumaa ni karibu miaka miwili ya maisha yake, bado kuna takriban nafasi moja kati ya nne kwamba atakuwa na hasara kwa jumla, ingawa anacheza vizuri kuliko wenzake.

Ninarudia jambo hili kwa kila anayeniuliza kwa sababu ndilo msingi wa mengine yote: mchezaji wa burudani hachezi mizunguko ya kutosha kwa matokeo yake kumwambia ukweli. Hana mamlaka juu ya karata, na wastani wake hatauona kwa muda mrefu. Kilicho mikononi mwake ni uamuzi anaoufanya katika kila mzunguko, na kiasi cha fedha alichokileta mezani.

Basi nitajuaje kama tatizo ni bahati au ni uchezaji wangu?

Hutajua kwa kuhesabu chipu, bali kwa daftari. Andika tarehe, saa uliyoketi na uliyoondoka, kiasi ulichoingia nacho pamoja na ulichoongeza, na kiasi ulichotoka nacho. Kisha, na hapa ndipo wengi huchoka, andika mizunguko mitatu iliyokuumiza kichwa: ulikuwa na karata gani, ulikaa nafasi gani, nani alipandisha dau na kwa kiasi gani, na wewe ulifikiri nini wakati huo. Baada ya siku mbili tatu mpelekee mchezaji unayemheshimu, lakini usimwambie mwisho wake. Ukimwambia kwamba uliliwa, ataanza kutafuta kosa hata mahali pasipo na kosa; na ukimwambia ulishinda, atakusifu hata kwa upuuzi.

Ili ujue kipi ni kisa cha bahati tu, kariri namba chache. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, fedha zote zikiwa zimewekwa kabla ya zile karata tano za mezani, zinazotumiwa na wachezaji wote, kufunuliwa, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Maana yake ni kwamba mwenye ree hufa karibu mara moja katika kila tano au sita, na hana la kujilaumu. Mtu mwenye karata nne za kopa baada ya zile tatu za kwanza kufunuliwa huipata kopa ya tano, inayomkamilishia karata tano za aina moja, kwa takriban asilimia 35 akiruhusiwa kuona karata zote mbili zilizobaki, lakini akiona moja tu ni chini kidogo ya asilimia 20. Kwa hiyo ukimpa nafasi hiyo kwa bei ndogo, usilalamike kwamba ana bahati. Wewe ndiye uliyemuuzia kwa hasara.

Nimegundua pia, kwa kusoma daftari la watu kadhaa akiwemo mwandishi wa majibu haya, kwamba sehemu kubwa ya hasara haitokani na mizunguko ya kusimulia. Hutokana na malipo madogo madogo ya karata dhaifu, yaani shilingi 1,500 hapa na 2,000 pale, kwa sababu tu mtu amechoka kukaa bila kucheza. Hayo hayaumi, ndiyo maana hayakumbukwi.

Je, kuna gundu? Nibadilishe kiti, au niombe karata mpya?

Badilisha kiti ikiwa unataka kukaa kushoto kwa mchezaji anayepandisha dau ovyo, ili umwone anavyoanza kabla yako. Hiyo ni sababu ya maana. Kukimbia nuksi si sababu. Pakiti ina karata 52, na zikichanganywa vizuri hazikumbuki usiku uliopita. Uwezekano wa kupewa ree mbili ni mara moja katika 221 leo, na utakuwa uleule kesho, hata kama hujaziona tangu Mfungo Mosi.

Kosa la kudhani kwamba bahati mbaya ikikithiri lazima nzuri ifuate ni la zamani. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kuweka fedha kwenye nyekundu kila mara wakiamini kwamba zamu yake imefika. Walipoteza mamilioni. Anayesema mezani kwamba "leo lazima nipate, wiki tatu zote nimeliwa" amesimama palepale walipokuwa wamesimama wale.

Nitenge fedha kiasi gani kwa ajili ya poka?

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya wachezaji wa kulipwa unapompotosha mtu wa kawaida. Mchezaji wa kulipwa hushauriwa kuwa na mtaji wa viingilio (kiingilio ni fedha ya kuketi nayo mezani mara moja) 20, 30 au zaidi, ili mawimbi yasimfilisi kabla wastani haujajitokeza. Mmarekani Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, aliwahi kuanza bila senti kwenye poka ya mtandaoni na kufikisha dola 10,000 kwa kufuata kanuni ya kutoweka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake kwenye meza moja ya fedha taslimu. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini inamhusu mtu ambaye mtaji ni chombo chake cha kazi. Kwako wewe, poka ni matumizi ya starehe, kama tiketi za mpira au safari ya Bagamoyo mwishoni mwa wiki.

Kwa hiyo anza kutoka upande wa pili. Chukua mshahara au faida ya duka, uondoe kodi ya nyumba, chakula, umeme wa LUKU, nauli, ada za watoto, michango ya harusi na misiba isiyokwepeka katika jiji hili, akiba ya kikoba na fedha ya dharura ya wazazi. Kinachobaki ndicho cha starehe, na poka ipewe sehemu tu ya hicho, si chote. Ikiwa sehemu hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwezi, una viingilio viwili vya shilingi 50,000. Viingilio viwili havitoshi jioni nne. Basi ama cheza jioni mbili, ama shuka kwenye meza ya kiingilio cha shilingi 25,000. Najua meza ndogo huchekwa. Wanaocheka hawatakulipia ada ya Januari.

Usisahau pia kwamba hapa wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Fedha hiyo hukusanyika polepole na kukaa kwenye simu au benki ikionekana kama akiba, kumbe si yako. Mwaka mmoja, mwezi wa Desemba, nilikuwa nimekusanya kodi ya miezi sita. Usiku mmoja nikaliwa shilingi 200,000, nikatoka nje kwa wakala, nikachukua 300,000 katika fedha ile, nikijiambia kwamba ninarudisha tu kisha ninaondoka. Nilifika nyumbani alfajiri nikiwa nimepoteza jumla ya shilingi 500,000. Mzee mwenye nyumba alinisikiliza kwa subira nilipokwenda kuomba muda, halafu akaniuliza: "Mwanangu, hiyo fedha uliyoichezea ilikuwa yako au yangu?" Sikuwa na jibu.

Fedha hiyo niihifadhi wapi?

Mbali na fedha nyingine. Kibubu kinafaa, bahasha inafaa, na laini ya pili ya simu inafaa pia ikiwa utaiwekea fedha mara moja tu kwa mwezi. Kinachotakiwa ni kwamba ukiwa mezani saa sita za usiku usiweze kuifikia akiba ya nyumbani kwa kubonyeza namba nne za siri. Wapo wanaoiacha nyumbani simu yenye fedha na kwenda na simu ndogo ya kupiga tu. Nauli ya bajaji ya kurudi iwekwe mfuko tofauti, na isiguswe hata kama umeshika karata za kusisimua.

Je, nijiwekee kikomo cha kupoteza kwa usiku mmoja?

Ndiyo, lakini kwa sababu sahihi. Kikomo hakibadilishi uwezekano wa karata zinazofuata, na kama ungekuwa mashine isiyochoka wala kukasirika kisingekuwa na maana yoyote. Kinafaa kwa sababu mtu aliyeliwa viingilio viwili kwa kawaida hachezi tena kama alivyocheza saa ya kwanza. Viingilio viwili ndicho kikomo ninachokipendekeza, na kitamkwe kwa sauti kabla ya kuketi: "Jamani, leo nina mbili tu." Wenzako wakishalisikia, ni vigumu zaidi kwako kulivunja.

Weka pia kikomo cha saa. Usiku wa kuamkia siku ya kazi, saa sita ni saa sita, uwe umeshinda au umeliwa.

Kwa nini nikiliwa vibaya ninaanza kucheza kama mtu mwingine?

Wachezaji huiita hali hiyo tilti, neno lililotokana na zile mashine za mchezo wa mpira wa chuma ambazo hugoma ukizitikisa kwa nguvu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uzito wa kupoteza kiasi fulani ni mkubwa kuliko uzito wa kupata kiasi hichohicho, na kwamba mtu aliyekwisha kuwa upande wa hasara huwa tayari kuchukua hatari ambazo asingezichukua akiwa salama, ilimradi tu apate nafasi ya kurudi alipokuwa. Hiyo ndiyo tafsiri ya kitaalamu ya neno moja ambalo kila anayecheza kamari hapa mjini analijua: kurudisha.

Neno hilo ndilo hatari kubwa mezani, kuliko mpinzani yeyote. Mtu anayecheza ili arudishe hachezi tena na karata alizonazo, bali na karata za saa moja iliyopita. Hulipa dau asilostahili kulipa, hudanganya mahali ambapo hakuna atakayemwamini, na humfuata mtu mmoja aliyemla kama vile wana kesi. Fedha iliyoliwa si deni la mtu yeyote kwako. Imekwenda, na chipu zilizo mbele yako ndizo zote ulizonazo.

Dalili zake kila mtu ana zake. Mimi huanza kulipa haraka bila kuhesabu na sauti yangu hupanda. Rafiki yangu mmoja hunyamaza kabisa na kuanza kuchezea pete. Zijue zako, au mwombe mtu akutazamie. Zikijitokeza, nyanyuka. Toka nje, kunywa maji, tembea hadi kwa muuza mishkaki na urudi baada ya mizunguko kumi. Ukirudi na bado unamtafuta mtu yuleyule, chukua chipu zako zilizobaki uende nyumbani. Pombe nayo tusiifiche: bia mbili zinaweza kuwa mazungumzo, lakini baada ya nne daftari lako halitadanganya.

Nikiwa ninaliwa, si nipande meza kubwa ili nirudishe haraka?

Hapana. Meza kubwa ina wachezaji wagumu zaidi, na wewe unaiendea ukiwa na fedha pungufu na akili iliyochafuka. Mwelekeo sahihi wakati wa kuliwa ni kushuka.

Rafiki ameliwa na ananiomba nimkopeshe palepale mezani. Nifanyeje?

Kwa mila zetu kumnyima rafiki hadharani ni aibu kwa wote wawili, na ndiyo maana jibu linapaswa kutolewa kabla swali halijaulizwa. Sebule nyingi zenye utulivu zina sheria ya mwenye nyumba kwamba hakuna mkopo wa mezani. Kama yako haina, pendekeza iwekwe, na ipendekeze siku ambayo umeshinda. Ukibanwa, sema kwa upole: "Kaka, leo nimekuja na ya kwangu tu, sina ya ziada," kisha mpe nauli kama anaihitaji. Nauli si mkopo.

Anayesema "kesho asubuhi nakurushia kwenye simu" kwa kawaida hasemi uongo. Anaamini kabisa kwamba atarudisha, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Nimeona urafiki wa miaka kumi na tano ukipoa kwa sababu ya shilingi 80,000, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuzieleza kwa mkewe.

Ukiwa wewe ndiye mwombaji, jibu ni fupi zaidi: usikope. Usikope mezani, usitumie mkopo wa simu, na kwa vyovyote vile usiguse ile mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu.

Je, mashindano ni salama zaidi kuliko meza ya fedha taslimu?

Ni salama kwa maana moja: ukilipa kiingilio cha shilingi 50,000 na hakuna kuongeza, hutapoteza zaidi ya hapo usiku huo. Lakini vipindi vya ukame ni virefu zaidi. Katika mashindano ya watu 30 yanayowalipa wanne wa mwanzo, mchezaji wa kiwango cha wastani ana karibu nafasi moja kati ya nne ya kucheza mashindano kumi bila kulipwa hata mara moja. Hata yule mahiri anayelipwa mara moja katika kila tano bado ana takriban asilimia 11 ya kupita kumi mikono mitupu.

Watu huvutwa na kisa cha Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, ambaye mwaka 2003 aliingia mashindano ya dunia ya Las Vegas kupitia mchujo wa mtandaoni wa dola 86 na kuondoka na dola milioni 2.5. Kama mhasibu mwenzake nakiri kwamba kisa hicho kilinitia wazimu kidogo. Lakini washiriki walikuwa 839, na wengi wa waliobaki hakuna anayewakumbuka.

Kuna tofauti gani ya kifedha kati ya kucheza nyumbani na kucheza kasino?

Nyumbani, fedha iliyoingia ndiyo inayotoka. Hubadilisha mifuko tu. Kasino hukata kamisheni katika kila poti inayostahili, yaani fedha zote zilizowekwa katika mzunguko mmoja, na hiyo ni haki yao kwa kuwa wanalipa wagawaji karata, ulinzi, umeme na leseni. Tatizo ni kwamba kamisheni haionekani. Tuseme meza ya watu tisa, kila mmoja na shilingi 100,000, mizunguko 30 kwa saa na makato ya wastani ya shilingi 3,000 kwa mzunguko. Kwa saa nne zimetoka mezani shilingi 360,000 kati ya 900,000. Mnaweza wote kuamka mkidhani kwamba mwenzenu ndiye aliyewala. Ulizia kiwango cha makato kabla ya kuketi, na kama meza ni ndogo mno na makato ni makubwa, cheza mahali pengine.

Sheria inasemaje?

Michezo ya kubahatisha nchini inaongozwa na sheria ya mwaka 2003 na kusimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza, na anayeendesha mchezo kama biashara lazima awe na leseni. Kwa hiyo sebule inayowatoza wageni kamisheni kila usiku si tena mchezo wa marafiki, na mgeni wa sebule kama hiyo asitarajie kuwa na mahali pa kulalamika akidhulumiwa.

Na poka ya kwenye simu?

Kasi yake ndiyo inayofilisi. Meza moja ya mtandaoni huchezesha mizunguko 60 hadi 80 kwa saa, na mtu anaweza kufungua tatu kwa pamoja, hivyo mfululizo wa kuliwa ambao mezani kwa marafiki ungechukua miezi unaweza kukupata katika Jumapili moja ukiwa kitandani. Hakuna mtu wa kukutazama uso wala wa kukuambia pumzika. Ukicheza, cheza kwa mwendeshaji mwenye leseni, weka kikomo cha kuingiza fedha kwa wiki ikiwa programu inakiruhusu, na usicheze ukiwa peke yako usiku wa manane.

Nikishinda kiasi kikubwa, nifanye nini nacho?

Kitenge siku hiyohiyo. Mimi hurudisha kwenye kibubu kiasi cha kufikisha bajeti ya mwezi, na kinachozidi hukitoa kabisa katika poka: matairi, mabati, ada. Kukiacha chote kwenye mtaji hukufanya ujione tajiri wa meza, na baada ya wiki mbili utajikuta unaketi mahali pasipokufaa.

Stu Ungar wa Marekani, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wenye vipaji vikubwa kupata kuketi mezani, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980, 1981 na 1997, na ule wa mwisho ulikuwa na zawadi ya dola milioni moja. Mwezi wa Novemba 1998 alikutwa amefariki katika hoteli ya Las Vegas akiwa na umri wa miaka 45, na marafiki walichangishana kumzika. Fedha zake zilikwenda katika dawa za kulevya na katika kamari nyingine ambazo hakuwa na kipaji nazo. Wachezaji wetu nao wana mwanya wa aina hiyo: ameshinda poka Ijumaa, na Jumamosi yote ameimaliza kwenye mikeka ya mpira.

Je, mwenzi wangu ajue ninacheza?

Ajue, tena ajue na kiasi. Najua swali hili lina upande wa dini pia. Katika Uislamu kamari ni haramu, na makanisa mengi nayo huikataza, kwa hiyo katika nyumba nyingine mazungumzo hayataishia kwenye shilingi. Hilo ni la kila mtu na dhamiri yake, na sitajifanya shehe wala mchungaji. Ninachoweza kusema kama mhasibu ni kwamba bajeti anayoijua mtu mmoja tu haina mkaguzi. Mwanamume anayemwonyesha mkewe bahasha ya shilingi 100,000 mwanzoni mwa mwezi na kumwambia "mama, hii ikiisha nimemaliza" amejiwekea kikomo chenye nguvu kuliko chochote nilichokitaja hapo juu.

Nitajuaje kwamba si kipindi kibaya tena, bali ni ugonjwa?

Pale unapodanganya kuhusu ulipokuwa. Pale unapocheza fedha ya ada, ya kikoba au ya ofisi. Pale unapokopa ili ulipe mkopo wa mchezo, pale unapokuwa mkali nyumbani siku ambazo huchezi, na pale ulipojaribu kuacha zaidi ya mara moja ukashindwa. Hapo hesabu za mtawanyiko hazina kazi tena, na hakuna bajeti itakayokuokoa, kwa sababu utaivunja.

Kinachotakiwa ni kusimama kabisa na kumwambia mtu. Mkabidhi mwenzi au ndugu unayemwamini usimamizi wa fedha kwa muda. Iandikie kasino unayoizoea, uombe usiruhusiwe kuingia. Uraibu wa kamari unatambuliwa kitabibu, na wataalamu wa afya ya akili, wakiwemo wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni watu sahihi wa kuwaendea. Ikiwa umefika mahali unaona ni afadhali usiwepo, usingoje miadi; mwamshe mtu usiku huohuo akupeleke hospitali iliyo karibu.

Nilipumzika miezi miwili kwa hiari baada ya kuliwa sana. Nirudi vipi?

Kama hakuna dalili hata moja kati ya zile za juu, rudi kwenye meza ndogo kuliko uliyoiacha, ukiwa na kiingilio kimoja, na daftari jipya lisilobeba hasara ya zamani. Wenzako watakuuliza kama umekuja kurudisha. Mmoja wetu, aliporudi baada ya mapumziko kama hayo, hakuomba chipu kabisa katika Ijumaa mbili za mwanzo: alikaa nasi, akagawa karata, akala mishkaki, akaona ni mara ngapi sisi wengine tulilipa dau tusilostahili kulipa, na saa nne na nusu akaaga akapanda bajaji.